Refa katupiga yadi kumi na tano kwa sababu ya kanga ya dada yangu

Wakuu, salamu zenu popote mlipo.

Haya yamenikuta mwenyewe Jumapili iliyopita, hapa hapa London. Siongezi chumvi, maana chumvi ilishaongezwa na refa.

Niwape background kidogo.

Dada yangu mkubwa, Rukia, tunakaa naye nyumba moja Ilford. Mwanawe Suleiman yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu, na tangu mwaka wa kwanza anachezea timu ya chuo ya American football. Ndiyo, ule mchezo wa helmeti na mabega ya bandia. Vyuo vya huku vina ligi yao. Hakuna TV wala majukwaa, mnasimama nyuma ya kamba pembeni ya tope mnatetemeka.

Miaka yote mitatu Sule alikuwa anamwomba mama yake aje kumtazama. Dada hataki kusikia. "Mimi siendi kutizama mtoto wangu akivunjwa shingo."

Kwa hiyo nikawa naenda mimi mjomba. Nikajifunza sheria moja moja, mpaka leo mchezo unaniumiza mimi kuliko wachezaji.

Mechi ya Jumapili ilikuwa ya kufa au kupona. Wakishinda wanaingia mtoano. Wakifungwa, Sule kamaliza, kwa sababu chuo nacho kinaisha. Dada akalegea, akasema haya, hii moja nakuja.

Sasa kosa langu hili hapa, nalitaja mapema msije mkanitukana kwenye comments.

Ndani ya gari nilimwambia, "Tukifunga jiachie dada, kule kila mtu anashangilia anavyojua." Nikaishia hapo.

Sheria ya kushangilia sikumwambia. Na ipo, wakuu! Timu ikifunga halafu ikashangilia kupita kiasi, refa anatupa kitambaa cha njano na mnaadhibiwa yadi kumi na tano. Kiasi chenyewe ni kipi? Anakijua refa na Mola wake.

Mfano. Robo ya pili wapinzani walifunga. Wakakaa chini wanane kwa mstari, wakaanza kupiga makasia ya hewani kama wako mtoni. Wakapiga weee, mpaka wenyewe wakachoka. Refa anawatazama anatabasamu, kitambaa kiko kiunoni.

Nikasema sawa, leo tumepata refa mwenye roho nyeupe.

Sule yeye kazi yake ni kuzuia watu wasimfikie mrusha mpira. Mpira wenyewe haugusi. Misimu mitatu hajawahi kuushika kwenye mechi. Dada akanigeukia kwa hasira, "Mbona mwanangu hapewi mpira? Wanamtenga?" Nikamweleza kuwa ndiyo kazi yake. Akaguna tu.

Imebaki chini ya dakika moja. Tuko nyuma kwa pointi tano.

Mwenzake Sule mmoja anakimbia na mpira, anapigwa karibu na mstari, mpira unamponyoka unaangukia ndani ya eneo la kufunga. Likawa rundo la watu. Marefa wanatoa mmoja mmoja, na chini kabisa ya rundo yuko Sule, kaukumbatia mpira kama mtoto mchanga.

Touchdown!

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Kugeuka nimkumbatie dada, hayupo.

Kashapita chini ya kamba, anakimbia na vigelegele. Kwa ile baridi alikuwa kajitanda kanga juu ya koti. Akaivua, akainama, akaitandika kwenye tope mbele ya mwanawe apite juu.

Watu wa pwani mnanielewa. Bibi harusi, mtu karudi Makka, mtoto kapata digrii, wote tunawatandikia kanga. Kwa dada ile ndiyo siku yenyewe.

Sule akasimama. Nilimuona kwa macho yangu anamtazama refa, halafu anamtazama mama yake. Halafu akapita, taratibu, kutoka pindo hadi pindo, na yale mabuti yake ya tope.

Kitambaa cha njano kikaruka.

Wakuu, nilivuka kamba. Najua si vizuri, lakini nilivuka. Nikamuuliza refa, na wale wapiga makasia? Ananijibu kwamba wale hawakutumia kifaa, huyu katumia kitu kigeni uwanjani. Nikamwambia, bwana, hicho si kitu, hiyo ni kanga! Akanionyesha kidole nirudi nyuma. Kanga yenyewe ikaokotwa kwa vidole viwili kama nepi.

Pointi sita za touchdown tulihesabiwa, na ile ya ziada tukapata, tukawa mbele kwa mbili. Lakini adhabu ikatufanya tuanzishe mpira kutoka nyuma kabisa. Wapinzani wakaudaka karibu, wakakimbia mpaka kwetu. Mtu wetu kavutwa jezi mbele ya pua ya refa yule yule, na hakuona! Sekunde za mwisho wakapiga mpira katikati ya nguzo. Pointi tatu. Tumefungwa kwa moja.

Dada hakuelewa kitu mpaka alipoona vijana wanalia.

"Hamadi mdogo wangu, ni miye niliyewaponza?"

Nikasema ni refa.

"Nakuuliza wewe."

Ikabidi nimweleze ile sheria ya kushangilia. Akaenda kukaa kwenye gari, akalia kilio cha kimya kimya kile kibaya.

Sule akaja, helmeti mkononi. Kusema kweli niliogopa atamsemesha vibaya. Dada akashusha kioo. "Nisamehe baba, sikujua kama ni makosa."

"I knew, Mum."

"Ulijua? Sasa mbona ukapita?"

Akajibu kwa Kiingereza chake, mimi nawaandikia Kiswahili: "Ulikuwa umeshainama. Ningepita pembeni?"

Dada akafungua mlango akamkumbatia na tope lake lote.

Somo nililopata: ukimleta mgeni mchezoni, mwambie sheria zote, hasa zile za kipumbavu. Na refa kama ana jicho la kuona kanga, basi awe nalo la kuona jezi inavyovutwa. Hilo sitalisamehe.

Lakini kuna jingine linaninyima raha tangu siku ile. Mimi ninayejijua mtaalamu wa sheria, ningekuwa mimi pale na mama yangu kainama, nahisi ningeikwepa ile kanga ili tushinde.

Haya, uwanja ni wenu. Wewe ungepita juu au pembeni? Na kama humu kuna refa yeyote, ajitokeze, nina maswali yake.