Chuma cha nyonga yangu, na mama mkwe niliyedhani anasubiri kivunjike

Wakuu, salaam. Hii sijahadithiwa, ni ya kwangu mwenyewe, na asiyeamini nina kovu.

Nimezaliwa nyonga ya kushoto imechomoka mahali pake. Nimekulia Mkolani nikichechemea, enzi zile za ujamaa, sukari kwa foleni.

Nilipokuwa msichana wa kuolewa, daktari mmoja mgeni aliniwekea nyonga ya chuma. Akasema kile kikombe cha mfupa kinachoshika nyonga yangu hakina kina tangu kuzaliwa, kwa hiyo chuma kinaweza kulegea mapema. Nisichuchumae, nisipige magoti.

Kitadumu miaka mingapi? Akajibu, "Tutaona."

Tutaona! Jamani, duka la ushirika hata jembe halina, huyu kakitoa wapi chuma? Nikahisi nimefanyiwa majaribio. Kikilia "ka" tu, nilijua ndio basi.

Nikaolewa Busisi. Huku kwetu mke anamwamkia mama mkwe kwa magoti. Mimi nikasimama wima: "Shikamoo mama."

Alinitazama kuanzia miguuni, akachelewa kuitikia. Mume wangu akamweleza habari ya chuma.

Tangu hapo, kila nikimwamkia: "Marahaba. Hicho chuma bado kipo?"

Nikitoka shamba la kijiji, bado kipo? Nikitoka kuteka maji ziwani, bado kipo? Wakuu, nilimchukia. Kichwani mwangu nilishamaliza: anasubiri kivunjike amtafutie mwanawe mke mwenye magoti. Hata nilipojifungua, akanikataza kumbeba mtoto mgongoni, akambeba yeye, nikasema haya, sasa ananinyang'anya na mtoto.

Miaka ikaenda, akaugua, akawa wa kulala tu. Siku moja nikaingia chumbani kwake nikasema leo acha kivunjike, nimpe heshima yake kabla hajaondoka. Nikaanza kushuka nipige magoti.

Akanidaka mkono, nguvu sijui alizitoa wapi.

"Simama! Dada yangu alizaliwa kama wewe, mwanangu. Aliishia kutambaa. Kila asubuhi nilikuwa naogopa nitakukuta chini."

Nilimwamkia nimesimama, huku nalia.

Tulimzika. Mwezi uliopita daktari kaangalia eksirei, anasema chuma hakijalegea. Nimetoka pale natamani mtu wa kuniuliza kama bado kipo.

Nilichojifunza: ukimshuku mtu, muulize, usijijibie mwenyewe.

Wenye vyuma mwilini karibuni. Vya kwenu vina umri gani, na nani anawaulizia?