Maji ya mashine, na shimo la Babu kule mtoni

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi huwa nasoma tu humu na kunyamaza, hata darasani siinui mkono. Lakini hii ilitokea kwetu, huku Nuu, na naiandika vile ilikuwa.

Maji ya huku yana chumvi, hata kwa chai unaisikia.

Tukaletewa mashine ya solar ya kusafisha maji pale kwa borehole. Jamaa anaitwa Mwendwa ndiye husambaza maji kwa mitungi, na pikipiki ya umeme anayoichaji hapo hapo. Haina kelele kabisa. Siku ya kwanza ilimtokea Susu, nyanya yangu, kwa nyuma akaruka.

"Wewe Mwendwa! Unanyatia watu kama mwizi wa kuku!"

Tulicheka sana. Baadaye hatukucheka.

Ndugu yangu mdogo, Mumo, alikuwa anaharisha kila mara. Tulidhani maji safi yatamsaidia. Wapi. Alikonda mpaka shati la shule likawa linamning'inia.

Mama akasema, "Ni hiyo mashine yao. Mwendwa asikanyage hapa tena." Majirani wakaskia, wengine wakaanza kurudi mtoni.

Kama hujui mto wa huku, ni mchanga mtupu. Unachimba shimo, unangoja maji yajikusanye, unachota. Punda na mbuzi wanakunywa hapo hapo.

Shimo letu alilichimba Babu. Alishafariki, lakini kila mafuriko yakilifunika, Susu hulifukua pahali pale pale.

Asubuhi moja, kabla mtungi wa mwisho wa Mwendwa uishe, nikamkuta Susu anaujazia na maji ya shimo.

"Susu, unafanya nini?"

"Naweka ladha. Hii ya Mwendwa imekufa, haina chumvi, haina kitu. Mtoto atapata nguvu wapi? Nimekuwa nikimwekea tangu ianze kuletwa."

Kumsema mbele ya Mama ni kumwaibisha. Kunyamaza, Mumo anaisha.

Nikamwambia polepole, tukiwa wawili tu, "Susu, Mumo hajawahi kunywa ya mashine peke yake."

"Unasema ni mimi namfanya augue?"

Nililia tu.

Aliumwaga ule mtungi wote chini, akakaa kwa stuli akiangalia matope. Mama alipotoka shambani, Susu akamwambia mwenyewe, "Mwite Mwendwa. Si mashine. Ni mimi."

Mumo alipona pole pole. Siku hizi anaikimbiza ile pikipiki akijifanya yeye ndiye injini.

Nilichojifunza: maji yakisafishwa, uliza pia yanapitia mikono ya nani nyumbani. Na mtu mzima mwambie kando, atasikia.

Susu bado hulifukua shimo, kwa ajili ya mbuzi. Lakini nimemwona akijichotea kikombe kimoja, anakinywa akiwa amepiga magoti kwa mchanga, kisha anajipangusa mdomo kabla arudi.

Hajui nimemwona.

Wakuu mnaoishi na wazee, hicho kikombe nimwambie, ama nimwachie?