Mshamu na Ubeti wa Mwisho

Mshamu wa Kibiti ni mtu wa kuchekesha, na kwa sifa hiyo moja watu wamemsamehe mengi ambayo mimi Mwajabu sijamsamehe. Kwao ni Maparoni, huko visiwani kwenye delta ya Rufiji. Alikuja hapa kijana, akaajiriwa kupima mchele dukani kwa mume wa Bi Jamna, wale Wahindu wa mwisho kubaki mjini petu, akapima miaka thelathini na hata kufunga gunia likafungika hakujua. Alichojua ni wimbo.

Kila asubuhi Bi Jamna aliimba chumbani mbele ya mungu wake, kwa Kisanskriti, lugha ya vitabu vyao vya dini. Wimbo wenyewe aliutunga mtawa mmoja wa zamani wa kijijini kwao. Mshamu alikuwa nje akifagia kibaraza cha duka, na masikio anayo. Akaushika wote, beti kumi na mbili, na bibi wa watu akafurahi hata akakaa naye kumfafanulia maana.

Tembo mwenye nguvu zake anashuka ziwani na jamaa zake kunywa maji. Mamba anamdaka mguu. Tembo anavuta, anashindwa. Jamaa nao wanavuta, wanachoka, wanakwenda zao. Maji yanamfika shingoni. Ndipo anachuma ua la yungiyungi kwa mkonga, analiinua juu na kumwita Mola, na Mola anakuja. Tembo ni roho ya mtu, Bi Jamna alimwambia, na mamba ni dunia. Ua ni mapenzi ya mja kwa Mola wake, yanayobaki mkononi nguvu zote zikishakwisha.

Mwenye haya angeyatunza maneno hayo. Mshamu aliyapeleka barazani, penye kahawa. Alikuwa akikunja uso, anaimba kwa sauti nyembamba ya kikongwe, na akifika kwenye ua anainua mkono kama mkonga na kumwaga ya kwake: ee Mola, niletee kamba wa kukaanga wa Salale, niletee pilau, na mke wa pili asiye na mdomo. Watu walikuwa wakivunjika mbavu. Aliufanya mzaha huo miaka ishirini, na kila mgeni aliyepita alifanyiwa. Mimi nami nilicheka mara mbili tatu, sikatai, kisha nikaacha, maana nilikuwa jirani yake Bi Jamna na nilijua anavyoimba.

Mume alifariki, watoto wakahamia Uingereza, bibi akabaki na mimi niliyekuwa nikimpikia. Mwaka jana kumbukumbu zikaanza kumtoka. Alisahau majina ya wajukuu, akasahau kama amekula. Wimbo ulibaki, halafu nao ukaanza kukatika. Anaanza vizuri, tembo anashuka, mamba anadaka, jamaa wanaondoka, hapo anakwama. Beti mbili za mwisho zimefutika. Anarudi mwanzo, anakwama pale pale. Daftari alimouandika liliisha kwa mchwa. Wanawe hawakuwahi kuujifunza, na Wahindu wa Dar es Salaam niliowapigia simu hawakuwahi hata kuusikia.

Asubuhi moja alinishika mkono. "Mwajabu mwanangu, mimi nakaribia kwenda. Sitaki kufa nimeshikwa mguu. Niitie Mshamu, yeye anaujua wote."

Nilimkuta barazani, bila shaka, amekaa na rafiki yake Bashiru na wenziwe. Nikamweleza mbele yao.

"Mimi mtu wa swala tano, Mwajabu," akasema. "Leo nikaimbe nyimbo za Kihindu mbele ya sanamu?"

"Na miaka yote hii unayoimba hapa, kaka Mshamu, ilikuwa halali?"

"Hapa nilikuwa natania."

"Basi tuseme tu huujui."

Bashiru akacheka. Hilo ndilo lililomwinua, si huruma. Alikwenda kuvaa kanzu safi, akanifuata.

Bi Jamna alikuwa amekaa kitandani, amesukwa nywele. Alianza yeye, Mshamu akaingia, wakaimba pamoja, na hadi ubeti wa kumi yule mpuuzi aliimba vizuri. Bi Jamna akakwama kama kawaida yake. Akamtazama, akangoja.

Mshamu akafungua mdomo, wakatoka kamba wa Salale.

Akarudi nyuma beti mbili ili achukue mwendo, akafika pale, ikatoka pilau. Mara ya tatu mkono wake ulianza kunyanyuka wenyewe, akaushika kwa mkono wa pili. Jasho lilimtiririka. Maneno ya mtawa hayakuwamo tena kichwani mwake. Alikuwa ameyafuta mwenyewe, siku baada ya siku, kwa vicheko.

Bi Jamna alijua Kiswahili kama mimi na wewe. Alielewa kila neno. Hakumkasirikia, na hilo ndilo lililoniuma. "Sivyo, Mshamu," alimwambia taratibu. "Jaribu tena."

Alijaribu mpaka adhuhuri, kisha akatoka bila kuaga.

Bi Jamna alifariki siku ya sita baada ya hapo. Alfajiri hiyo nilimsikia akiimba, akaishia pale pale.

Tulikuwa uani na watu waliokuja kutoa pole, Mshamu akiwemo, mwanawe mmoja alipopiga simu kutoka Uingereza. Nikaifungulia sauti. Alilia kwanza, kisha akauliza: "Dada Mwajabu, mama aliniambia anamngoja Mshamu amkumbushe mwisho wa wimbo. Alifika kwenye lile ua la yungiyungi?"

Sijajibu, Mshamu akainamia simu. "Alifika, mwanangu. Tuliimba naye mpaka mwisho, akatabasamu."

Yule mtoto wa watu akashukuru, akashukuru tena, sauti ikimkatika. Mshamu akaitikia kila shukrani, macho kayaelekeza chini. Simu ilikuwa mkononi mwangu na ukweli wote nilikuwa nao. Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau Mshamu saa ile, na nilinyamaza.