Ijumaa Jiko la Justa Haliwashwi

“Mjinga siku ile nilikuwa mimi,” anasema Justa Mhina, na anaanza kucheka yeye ili usimtangulie.

Ni Ijumaa, saa tisa alasiri, mtaani Masuguru, Korogwe. Wapika futari wote wanapuliza moto. Jiko la Justa limefunikwa sinia, na mwenyewe anajitanda khanga aende kanisani kwenye Njia ya Msalaba.

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimekuja pamoja. Justa ni Mkatoliki, lakini wateja wa muhogo wake wa nazi wengi ni Waislamu. Sufuria la muhogo huo ndilo linalomlea yeye na wanawe, wa kwanza akiwa Getruda, tangu mumewe afariki.

Ijumaa ya kwanza alitaka vyote viwili. Alibandika muhogo, akamwachia jirani yake, Bi Swaumu, akakimbilia kanisani.

“Magoti yalikuwa kanisani, akili jikoni,” anasimulia. “Tumefika kituo cha saba, Yesu anaanguka mara ya pili, nami ndiyo nakumbuka: sijatia chumvi! Nikatoka mbio.”

Hakujua kwamba Bi Swaumu alikwisha kuitia. Akatia tena, kiganja kizima. Kuonja? Nani aonje, na wote wawili wamefunga!

Adhana ya magharibi ikalia. Mzee Mbaruku, mteja wake wa siku nyingi, akatia tonge mdomoni, akalitema.

“Mama Getruda, sisi tumefunga Ramadhani. Hatujafungwa jela!”

Sufuria zima likamwagwa. Tangu hapo, Ijumaa za Kwaresima Justa habandiki kitu.

“Siku nyingine nawapikia watu. Hii naisali yote, bila kugeuka nyuma,” anasema, kidevu juu. Anaomba Ijumaa Kuu imkute hajaruka tena kituo hata kimoja.

Wateja je, hawatahamia kwingine? Mzee Mbaruku anajibu kwa niaba yao: “Leo tutakula kokote. Kesho tunarudi. Anayejua kufunga ndiye ampikie aliyefunga.”

Anayenuna ni Denis, mdogo wa marehemu mumewe, aliyetoka kijijini Mnyuzi na pikipiki iliyosheheni muhogo wa jiko la Justa.

“Shemeji, Ijumaa ndiyo siku ya watu! Uza kwanza, utasali baadaye. Mungu anaelewa.”

Justa anaiweka rozari yake shingoni, anapita kando ya pikipiki.

“Mungu anaelewa, shemeji. Bado wewe.”