Tikiti Mbili za Kwenda London

Saa nne na robo asubuhi, siku ya Jumatatu, nilisimama dukani kwa Bwana Kantilal, mjini Nakuru, ambaye pamoja na kuuza vitambaa alikuwa wakala wa tikiti za ndege. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Binti yetu Njeri, aliyekuwa akisomea uuguzi London, angefunga ndoa Jumamosi ya juma lile saa nane mchana, na mimi ndiye niliyepaswa kumpeleka hadi madhabahuni.

"Tikiti moja mpaka London, bei juu," alisema Kantilal. "Mbili, moja mpaka Roma, halafu kampuni nyingine Roma mpaka London, bei chini. Lakini mzee, pale katikati huna mtu."

Nilipiga hesabu. Kwa watu wawili, kwenda na kurudi, ningeokoa shilingi mia sita na ishirini. Tena nilijua sisi tunavyosafiri: basi la Nairobi likichelewa, lile la mwisho la Molo hungoja hapo Nakuru, maana makondakta wanajuana na wanajua abiria wako njiani. Sikuona kwa nini ndege zifanye vingine. Nikachukua mbili.

Alhamisi usiku tuliondoka uwanja wa ndege wa Embakasi. Mke wangu alishika mkono wa kiti mpaka taa za Nairobi zikapotea.

Khartoum tulitua kuongeza mafuta, na injini moja ikakataa kuwaka. Kulikucha tukiwa ukumbini, joto likipanda, nami nikitazama saa yangu bila kukoma. Aliyeketi karibu nasi alikuwa Kiprono, mwalimu kutoka Molo, naye akienda London.

"Mwalimu, wewe huna wasiwasi?"

"Nina tikiti moja mpaka mwisho. Wakinichelewesha, shida ni yao."

"Na mwenye mbili?"

"Huyo shida ni yake, mzee."

Roma tulifika Ijumaa jioni. Ndege yetu ya pili ilikuwa imeondoka mchana. Nilimweleza msichana wa kaunta ya kampuni hiyo ya pili kwamba tulikuwa njiani.

"Hatukuwa na habari," alisema.

"Hamngewauliza wenzenu?"

"Wale si wenzetu, bwana."

Kampuni ya kwanza nayo ilisema imetufikisha Roma, kama ilivyoandikwa. Mwalimu Kiprono walimpa chumba cha hoteli na kiti katika ndege ya kesho asubuhi. Kampuni yetu ya pili haikuwa na ndege hadi Jumapili. Katika ile ndege ya mwalimu nafasi zilikuwapo, lakini kwa bei kamili, na pauni chache ambazo serikali ilituruhusu kutoka nazo Kenya zilitosha kiti kimoja tu.

Nilianza kumweleza mke wangu kwamba kwa kuwa baba ndiye anayempeleka bibi harusi, basi itabidi...

"Baba Njeri," alinikatiza, "nani alinunua tikiti?"

"Mimi."

"Basi wewe ndiye utakayengoja."

Mwalimu alicheka, kisha akaona uso wangu. "Nitamfikisha, mzee," alisema.

"Na Kiingereza?" nikamuuliza mke wangu.

"Naenda kuoza binti. Siendi kufanya mtihani."

Jumamosi nilishinda kwenye benchi la uwanja wa ndege. Ilipofika saa nane ya London nilisimama, nikavuta koti likanyooka, kisha nikakaa tena.

London nilifika Jumapili jioni. Njeri alinifungulia mlango akiwa na gauni la kawaida, na pete kidoleni.

"Mchungaji aliuliza ni nani anayenitoa," alinisimulia. "Mama akajibu kwa Kiswahili, kanisa zima likasikia: 'Ni mimi. Baba yake amekwama Roma.'"

Alikuwa akicheka. Mimi sikuweza.

Tulipokuwa tukirudi niliacha siku nzima kati ya ndege na ndege. Zote mbili zilifika kwa wakati, nasi tukashinda Roma tukila mkate mkavu.

Hakuna kampuni iliyonidanganya. Kila moja ilitimiza karatasi yake. Niliyemkataa dukani kwa Kantilal ni mtu wa kuulizwa kati ya karatasi mbili, na mtu huyo ndiye aliyekuwa akilipiwa katika ile bei ya juu. Kiti cha mke wangu kilitugharimu shilingi elfu moja na kumi na tano, na faini ya kubadilisha siku yangu ya kusafiri ilikuwa shilingi tisini. Nikiondoa zile nilizookoa, nilipoteza shilingi mia nne themanini na tano.