Springi za Chamsudine

Mwaka 2013 mji wetu wote wa Palma ulikuwa unaisubiri gesi iliyopatikana baharini. Jirani yetu Chamsudine aliisubiri kwa chuma. Alikuwa na pikapu kuukuu, na mkandarasi mmoja mdogo, aliyejenga kambi ya wapimaji, alimpa kazi ya kubeba saruji. Gari likawa linabonyea mpaka matairi yanakwaruza bodi. Basi Chamsudine akavuka mpaka kwenye mto Rovuma, akaenda Mtwara, akarudi na mabamba manne ya springi za lori. Akafunga mawili kila upande wa nyuma, na toka siku hiyo pikapu ilibeba mifuko arobaini bila kuinama.

Baada ya miezi mitatu mkandarasi alileta malori yake mwenyewe. Chamsudine akaambiwa asubiri, ataitwa. Akasubiri mwaka mzima. Gari tupu lenye springi za lori halitembei, linaruka. Abiria wake wa kwenda kijiji cha Pundanhar wakamkimbia. Mama mmoja aliyepanda na kapu la mayai alipofika alimwambia, "Kukoroga umeshanikorogea, mwanangu. Sasa nipe na mafuta ya kukaangia."

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuoni Nampula, na nilimwambia wazi kwamba hataitwa, ayatoe yale mabamba. Alicheka akaniuliza: siku kazi ikirudi, saruji nitaibebea kichwani? Ndivyo watu wa kampuni ya gesi walivyotufanya sisi wa pwani hii. Hawakutupa kazi, walitupa matumaini ya kazi, na kila mtu alijitengeneza upya kwa ajili ya mzigo ambao haukuja.

Mwaka huo wa kusubiri ulipokwisha, mwezi wa Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha, mke wake Mwanvua, mwenye mimba ya miezi saba, aliamka akitokwa na damu. Enfermeira Isabel, muuguzi wa zahanati yetu, alimpima akasema lazima afike hospitali ya Mocímboa siku hiyo hiyo. Gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka alfajiri na mgonjwa mwingine. "Mpeleke wewe," alimwambia Chamsudine, "lakini asirushwe. Damu imetulia kidogo tu. Akirushwa itafunguka."

Chamsudine alinitazama, kisha akaitazama pikapu. Alitandika godoro nyuma, akanilaza mimi mahali pa mkewe, akaendesha taratibu mpaka mwisho wa mji na kurudi. Mwendo ulikuwa wa mtu anayetembea, lakini kila kijishimo kilininyanyua na kunibwaga. Nilishuka nimeshika kiuno. Alipunguza upepo wa matairi, akanilaza tena. Mambo yalikuwa yale yale.

Ndipo alipokwenda kuchukua jeki.

Saa tatu asubuhi tuliliinua gari na kuliegemeza juu ya mawe. Bolti za kushikilia springi zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Tulizimwagia mafuta ya taa, tukavuta spana wawili wawili. Mwinyimadi, fundi baiskeli wa jirani, alikuja akasimama mikono nyuma, akasema mbona tunajitesa, tutie mchanga tu magunia kumi, gari litulie. Chamsudine alimjibu kwamba kwa tope la njia ile, mchanga utalizamisha gari. Alikuwa akilia huku anafanya kazi, na hakuyafuta machozi kwa sababu mikono ilikuwa na grisi. Alipolitoa bamba la nne alilitupa uani. Nilijua ametupa na ule mwaka wa kusubiri.

Saa saba tulijaribu tena. Gari lilikwenda laini. Nililala juu ya godoro nikahisi bonde likipita chini yangu kama wimbi dogo. Nilimpigia kofi begani. Kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu.

Tulipofika mlangoni kwake, shangazi, mama wadogo na dada wa Mwanvua walikuwa wamekaa tayari, watu tisa, na mikeka, masufuria, mkaa, gunia la mchele na ndoo za maji. Mbele yao alikuwa Mama Cadija, mama mkwe wake. Kwetu mgonjwa hapelekwi peke yake. Hospitalini ndugu ndio wanaopika, ndio wanaofua, ndio wanaokesha. Anayekwenda bila watu huonekana ametupwa. Chamsudine alilijua hilo tangu kuzaliwa, na asubuhi nzima hakulikumbuka hata mara moja. Mimi pia, na elimu yangu yote, sikulikumbuka. Tulikuwa tumetengeneza gari la kwenda tupu, na katika mji wetu gari la mgonjwa haliendi tupu kamwe.

Tulimlaza Mwanvua kwenye godoro, nao wakapanda wakamzunguka. Chamsudine aliwapandishia vyombo. Mkwe hamwamrishi mkwewe.

Kwa saa ya kwanza njia ilituvumilia. Kisha tukaingia mahali ambapo malori ya kampuni yalikuwa yamechimba makorongo, na springi dhaifu zilizobaki zikabonyea mpaka mwisho. Kila shimo, chuma kiligonga chuma, na kishindo kilipanda moja kwa moja kwenye godoro. Mwanvua alianza kuuma kanga. Katika shimo la nne nilisikia mama mmoja akisema, "Damu." Niligonga paa.

Chamsudine alishuka, akachungulia chini ya gari. Akaninong'oneza: Kwa mzigo huu wa watu, mabamba yale yangefaa kabisa. Yangetubeba kama kitanda. Nayo yako uani Palma.

Kisha akafanya jambo ambalo sijapata kuona mkwe akilifanya. Alikwenda mpaka mbele ya Mama Cadija, akainamisha kichwa.

"Mama, shukeni."

"Tushuke twende wapi?"

"Hapa. Wote, na vyombo. Gari haliwezi."

"Mwanangu nimemlea mimi, na utaniacha porini kama gunia?"

"Ndiyo, Mama. Nikiwachukua nyinyi, nitamuua yeye."

Mama Cadija alimfunika Mwanvua vizuri, akashuka bila kushikwa mkono. Wengine wakamfuata. Hakumtazama tena mkwewe.

Mimi nilibaki nyuma nikimshika Mwanvua mabega. Gari likawa laini, tukafika Mocímboa kabla ya magharibi. Daktari alimpeleka ndani mara moja, kisha akatoka akauliza, "Ndugu zake wako wapi? Anahitaji damu."

Alitutoa sisi wawili tone la kupima. Ya Chamsudine haikuoana naye, wala yangu. Daktari aliuliza tena ndugu wako wapi. Chamsudine aliegemea ukuta. Aliketi sakafuni, akaweka paji la uso kwenye saruji. Niliyoyasoma yote hayakuwa na tone moja la damu ndani yake.

Wale tuliowashusha walifika baada ya isha, juu ya lori la mkaa. Walikuwa wametembea kwanza, vyombo kichwani. Walituambia kwamba magari ya kampuni yaliwapita kumi na moja, mapya, kila moja na mtu mmoja au wawili ndani, vioo vimefungwa. Waliyapungia yote. Naandika idadi hiyo hapa ili isipotee.

Mama Cadija hakukaa. Alinyoosha mkono kwa muuguzi, akapimwa, ikaoana. Dada mmoja pia. Damu yao iliingia kwa Mwanvua usiku ule, naye akaishi. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshafariki tumboni.

Alfajiri alitolewa akiwa amefungwa kitambaa. Chamsudine alikuwa bado sakafuni. Mama Cadija, pamba imebanwa kwenye kiwiko, alisimama mbele yake na ule mzigo mdogo mikononi.

"Ulinishusha njiani," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Simama umpokee mwanao. Makaburi ya huku siyajui, utatuongoza wewe unayezijua njia."

Alisimama, akampokea. Tukatoka sote kwa miguu.