Mashine Mbili, Jina la Marehemu

Nina hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Ofisi yetu ya kuchora ramani za nyumba iko upande wa Karavia. Patron, yaani mwenye ofisi, alinunua mashine mbili mpya, moja yake, nyingine ya mwenzangu, mama mmoja mchoraji anayeishi mbali, mtaa wa Katuba. Akaamuru zote mbili zipewe jina la marehemu baba yake. Kwetu anayepewa jina la mzee huheshimiwa kama mzee mwenyewe, na patron alitaka heshima hiyo ifike hadi kwenye kompyuta. Fundi wa kompyuta hakubisha. Alitengeneza moja, akainakili kwenye ya pili.

Mimi ndiye ninayetunza seva, ile mashine inayohifadhi michoro ya wote. Seva haioni sura ya mtu. Inaitambua kila mashine kwa jina lake, na kwa alama inayoonyesha lini imewashwa. Jina lilelile likija na alama mpya, inaamini kwamba mashine ilizimwa ikawashwa tena, basi inaitupilia mbali kazi yote iliyokuwa wazi kwa jina hilo. Mama huyo alikuwa anafika mapema, anachora. Patron anaingia baadaye, anawasha yake asome habari tu. Papo hapo mchoro wa mama unakataa kuhifadhiwa, na kazi ya asubuhi nzima imekwenda.

Nilimweleza patron. Nilimweleza tena.

"Unataka nitoe jina ya baba yangu juu ya mama mwenye kusinziaka ku kazi?" alinijibu. "Anatokaka mbali, anafika amechoka, anafuta ma plan ya bantu."

Asinzie wapi, afute vipi ramani za watu, mtu anayefika wa kwanza? Lakini mteja mmoja alipokosa ramani yake, patron alimfukuza mama mbele yetu sote, akimwita mharibifu. Mama alichukua mkoba wake, akatoka.

Siku iliyofuata niliketi kwenye mashine ya mama, nikachora mistari michache, nikamwomba patron awashe ya kwake huku wote wakitazama. Mchoro wangu ulipotea machoni pake. Akampigia mama simu kwa kipaza sauti, ofisi nzima ikisikia.

"Mama, ni machine ndiyo ilikuwa na shida. Urudie ku kazi kesho."

"Patron, mulinifukuza mbele ya bantu," mama alisema kwa utulivu. "Museme mbele yao kwamba haikukuwa miye."

Sote tulikuwa tumesimama pale, tunasikiliza. Ilikuwa sentensi moja tu.

"Miye niombe pardon ku mufanyakazi yangu?" Akakata simu.

Jina la baba yake alikubali nilibadilishe kwenye mashine ya pili siku ileile, bila kununa. Mama sasa anauza mikate katika soko la mtaa wa Kenya, hapahapa mjini kwetu. Kila nikipita ananiuliza kama patron ameshaisema ile sentensi. Ninamjibu bado.